Mtawanyiko wa Molekuli za Sukari katika Ngozi ya Binadamu Yenye Afya: Uwekaji, Ufichaji na Uondoaji

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna molekuli za sukari zilivyotawanyika katika ngozi ya binadamu yenye afya, kuanzia tabaka la pembe lililo juu kabisa hadi demisi iliyo chini yake. Hoja kuu ni kwamba orodha ya sukari zilizopo haitoshi kuueleza mtawanyiko huo. Sukari ileile hufanya kazi tofauti kulingana na mahali ilipo. Pengine huwapo lakini imefunikwa na sukari nyingine. Na pengine kazi hutimia pale tu inapoondolewa. Kwa hiyo, inapendekezwa kwamba ramani ya sukari katika ngozi isomwe kwa kuzingatia michakato mitatu: uwekaji, ufichaji na uondoaji. Mchakato wa nne, ambao hauongozwi na kimeng'enya chochote, unajadiliwa kando kwa sababu ni rahisi kuuchanganya na mitatu hiyo.

1.0 Utangulizi

Katika mazungumzo ya kila siku ya Kiswahili, neno sukari hubeba maana mbili zilizozoeleka. Ya kwanza ni kitu kitamu kinachotiwa katika chai. Ya pili ni maradhi: mtu akisemwa kuwa "ana sukari", msikilizaji huelewa mara moja kwamba anaugua kisukari. Maana zote mbili zinahusu sukari inayoliwa na kutumiwa na mwili ili kupata nguvu. Baiolojia ya seli inaongeza maana ya tatu, yaani sukari kama sehemu ya jengo lenyewe la mwili. Katika maana hii, sukari haichomwi ili kutoa nguvu. Huunganishwa moja baada ya nyingine hadi ikawa tawi fupi au mnyororo mrefu, kisha, mara nyingi, hupachikwa juu ya protini au mafuta.

Protini iliyopachikwa matawi ya sukari huitwa glikoprotini, na mafuta yaliyopachikwa sukari huitwa glikolipidi. Minyororo mirefu isiyo na matawi, inayojengwa kwa jozi za sukari zinazojirudia, huitwa glikosaminoglikani. Minyororo hiyo inapopachikwa kwenye protini, umbo linalopatikana huitwa proteoglikani. Istilahi hizi nne zinatumika katika makala yote, na kila moja ina makazi yake katika ngozi.

Ngozi yenyewe ina sehemu kuu mbili. Sehemu ya nje ni epidemisi, ambayo katika maeneo mengi ya mwili ina unene wa takriban milimita 0.1 tu na haina mishipa ya damu. Seli zake nyingi ni keratinositi. Seli hizi huzaliwa katika tabaka la msingi, hupanda hadi tabaka la miiba na tabaka la chembechembe, kisha hufa na kuwa magamba bapa ya tabaka la pembe, ambayo hubanduka. Safari hiyo huchukua wiki kadhaa. Chini ya epidemisi kuna utando wa msingi, na chini ya utando huo kuna demisi, ambayo ni tishu unganishi yenye nyuzi za kolajeni, mishipa ya damu, neva, tezi na mizizi ya nywele. Sehemu ya juu ya demisi, iliyo na vichuguu vinavyochomoza kuelekea epidemisi, huitwa demisi ya vichuguu. Sehemu ya chini, yenye nyuzi nene zilizosukwa, huitwa demisi ya wavu.

Umuhimu wa kuchunguza ngozi yenye afya unatokana na jambo moja la msingi: badiliko haliwezi kupimwa bila kuijua hali ya kawaida. Mtafiti anayedai kwamba ugonjwa fulani wa ngozi umepoteza au umeongeza sukari fulani, kwanza anapaswa kuonyesha sukari hiyo hukaa wapi pasipo ugonjwa. Kama itakavyoonekana, jibu la swali hilo halipatikani kwa kutazama tu.

2.0 Namna Sukari Inavyofanywa Ionekane

Sukari haina rangi, hivyo haionekani chini ya hadubini ya kawaida. Kila ramani ya sukari ni matokeo ya mbinu iliyotumika kuifanya ionekane, na kila mbinu ina upofu wake.

Mbinu ya zamani iliyoenea zaidi katika maabara za patholojia ni ya asidi ya peryodiki pamoja na kitendanishi cha Schiff, ambayo J. F. A. McManus aliielezea mwaka 1946. Asidi hukata vifungo fulani ndani ya sukari, na kitendanishi huipa sehemu iliyokatwa rangi nyekundu ya zambarau. Mbinu hii huonyesha glikojeni na glikoprotini nyingi, lakini haitaji ni sukari ipi. Ili kuitambua glikojeni, kipande cha pili cha tishu hiyohiyo hutiwa kwanza kimeng'enya kinachoimeng'enya. Rangi ikitoweka, ilikuwa glikojeni. Kwa glikosaminoglikani, ambazo zina chaji hasi, hutumiwa rangi ya buluu ya Alcian, iliyoingizwa katika kazi hii mwaka 1950. Kwa kubadilisha kiwango cha asidi cha myeyusho wake, mtafiti anaweza kutenganisha minyororo yenye salfeti na ile isiyo nayo.

Mbinu iliyoleta undani zaidi ni matumizi ya lektini. Hizi ni protini, nyingi zikitoka katika mbegu za mimea, ambazo hushika sukari za umbo fulani na kuziacha nyingine. Historia yake inaanzia kwenye mmea unaojulikana sana Afrika Mashariki. Mwaka 1888, Peter Hermann Stillmark, katika Chuo Kikuu cha Dorpat, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Tartu nchini Estonia, alionyesha kwamba dondoo la mbegu za mbarika hugandisha chembe nyekundu za damu. Baadaye ilifahamika kwamba protini za mbegu hizo zilikuwa zikishika sukari zilizo juu ya chembe hizo. Neno lektini lenyewe lilitungwa na William Boyd mwaka 1954 kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya kuchagua. Katika uchunguzi wa ngozi, lektini zinazotumika mara nyingi ni ile ya karanga, inayoshika jozi ya galaktosi na galaktosi yenye amino. Ile ya kiini cha ngano, inayoshika glukosi yenye amino na asidi ya siali. Na ile ya kichaka cha Ulaya kiitwacho Ulex europaeus, inayoshika fukosi.

Upofu wa lektini ndio ulio muhimu zaidi kwa hoja ya makala haya. Lektini hushika sukari inayofikika. Ikiwa sukari hiyo imefunikwa na nyingine iliyowekwa juu yake, lektini haitaiona, na mtafiti asiye mwangalifu ataandika kwamba haipo.

3.0 Epidemisi: Sukari Inayobadilika na Safari ya Seli

3.1 Matawi ya Glikoprotini

Lektini ya kiini cha ngano hutia rangi kingo za karibu seli zote hai za epidemisi. Jambo hilo linaonyesha kwamba keratinositi, tangu kuzaliwa kwake, huvikwa joho la sukari. Joho hilo limeshikiliwa na protini zilizotoboza utando wa seli. Miongoni mwake zimo integrini, ambazo huishikiza seli ya msingi kwenye utando ulio chini yake, na kadherini za desmosomu, ambazo huunganisha seli na jirani zake.

Lektini ya karanga hutoa picha tofauti. Katika ngozi yenye afya, hutia rangi kingo za seli za tabaka la miiba na la chembechembe, ilhali seli za tabaka la msingi hubaki karibu bila rangi. Tafsiri ya haraka ingekuwa kwamba seli za msingi hazina jozi ya sukari inayotafutwa. Hata hivyo, kipande cha ngozi kikitiwa kwanza kimeng'enya kinachoondoa asidi ya siali, seli za msingi nazo hushika rangi. Jozi ilikuwapo tangu mwanzo. Ilichokosa ni kuwa wazi. Asidi ya siali ilikuwa imekaa juu yake kama kifuniko.

Tokeo hili lina maana mbili. Ya kwanza inahusu baiolojia: keratinositi inapoachana na tabaka la msingi na kuanza kupevuka, joho lake la sukari hubadilika, na badiliko hilo huenda sambamba na kuachia kwake utando wa msingi. Kwa sababu hiyo, lektini ya karanga imetumiwa katika maabara kutenganisha keratinositi zilizoanza kupevuka na zile ambazo bado zinagawanyika. Maana ya pili inahusu mbinu: kutokuwapo kwa rangi si ushahidi wa kutokuwapo kwa molekuli. Uchunguzi usiolinganisha vipande vilivyotiwa kimeng'enya na visivyotiwa hauwezi kutofautisha sukari isiyokuwapo na sukari iliyofichwa.

Lektini ya Ulex europaeus, kwa upande wake, hutia rangi hasa seli za juu, yaani zile zinazokaribia tabaka la chembechembe. Hivyo, mtu akiifuata seli moja kutoka chini kwenda juu, atakuta inaanza na matawi yaliyofunikwa kwa asidi ya siali na kuishia na matawi yenye fukosi. Mpangilio huu hauwezi kuwa wa bahati nasibu, kwani kila sukari huongezwa na kimeng'enya chake, na seli huamua ni vimeng'enya gani itavitengeneza katika kila hatua ya maisha yake.

3.2 Hialuronani kati ya Seli

Glikosaminoglikani iliyo kubwa kuliko zote ni hialuronani. Karl Meyer na John Palmer waliitenga kwa mara ya kwanza mwaka 1934 kutoka kwenye ute wa jicho la ng'ombe. Ni mnyororo wa jozi za asidi ya glukuroni na glukosi yenye amino, usio na salfeti wala kiini cha protini. Tofauti na wenzake, haujengwi ndani ya Golgi. Hujengwa na vimeng'enya vilivyo kwenye utando wa nje wa seli, ambavyo husukuma mnyororo kwenda nje kadiri unavyorefuka. Mtu mwenye uzito wa kilo 70 hukadiriwa kuwa na takriban gramu 15 za hialuronani mwilini, na karibu nusu yake imo ndani ya ngozi. Takriban theluthi moja ya kiasi chote cha mwili huvunjwa na kujengwa upya kila siku.

Kwa muda mrefu hialuronani ya ngozi ilihesabiwa kuwa mali ya demisi. Mtazamo huo ulibadilika mwishoni mwa miaka ya 1980, pale Raija Tammi na wenzake wa Kuopio, nchini Finland, walipotumia kipande cha protini ya gegedu kinachoishika hialuronani pekee. Walionyesha kwamba nafasi nyembamba zilizo kati ya keratinositi hai, hususan katika tabaka la miiba, zimejaa molekuli hiyo. Inapofika kwenye seli za juu kabisa zilizopevuka, rangi hufifia, na katika tabaka la pembe hutoweka.

Mpaka huo una mantiki ya kazi. Seli za chini huhitaji nafasi yenye maji ili virutubishi vinavyotoka kwenye demisi vipenye na ili seli zenyewe zisogee. Tabaka la pembe, kinyume chake, linahitaji kuzuia maji yasipotee. Hapa pana fundisho hata kwa mtumiaji wa vipodozi. Hialuronani ya molekuli kubwa inayopakwa juu ya ngozi haipenyi kwa urahisi hadi kwenye tabaka la miiba. Hubaki juu na kushika maji kwa muda. Kuwapo kwa molekuli ileile mahali pengine hakumaanishi kufanya kazi ileile.

3.3 Glukosi Inayoondolewa ili Kizuizi Kijengwe

Mfano ulio wazi zaidi wa uondoaji unapatikana kwenye mpaka wa tabaka la chembechembe na tabaka la pembe. Seli za juu za epidemisi hutengeneza vifuko vidogo vyenye matabaka, ambamo huhifadhiwa seramidi iliyopachikwa glukosi moja. Glukosi hiyo huyafanya mafuta yawe rahisi kupangwa ndani ya kifuko. Kifuko kinapomwaga vilivyomo kwenye nafasi iliyo nje ya seli, kimeng'enya kiitwacho glukoserebrosidasi hukata glukosi na kuacha seramidi tupu. Seramidi hizo hujipanga pamoja na kolesteroli na asidi za mafuta, na kuwa ukuta unaozuia maji yasitoke mwilini.

Uzito wa hatua hii unaonekana inapokosekana. Katika aina kali ya ugonjwa wa Gaucher inayowapata watoto wachanga, kimeng'enya hicho hakifanyi kazi. Glukosi haikatwi, ukuta haukamiliki, na baadhi ya watoto huzaliwa wakiwa na ngozi iliyokauka, yenye magamba na isiyoweza kuhifadhi maji. Kwa hiyo, tabaka la pembe lenye afya hutambulika kwa uchache wa glukosi hii juu ya mafuta yake. Orodha inayohesabu tu sukari zilizopo ingeuona uchache huo kuwa upungufu, ilhali ni ishara ya kazi iliyokamilika.

4.0 Utando wa Msingi na Demisi

Utando wa msingi hushika kwa nguvu rangi ya Schiff, na ndiyo maana wanapatholojia huutumia mstari huo mwekundu kama alama ya mpaka. Sukari zake zimo katika laminini na kolajeni ya aina ya nne, ambazo ni glikoprotini, na katika perlekani, proteoglikani yenye minyororo ya heparani salfeti. Heparani salfeti ina chaji hasi nyingi na huweza kushika protini zinazochochea ukuaji zinazopita kati ya demisi na epidemisi. Utando huo, basi, hufanya kazi ya kushikilia na pia ya kuhifadhi taarifa. Proteoglikani nyingine yenye heparani salfeti, sindekani ya kwanza, hukaa kwenye kingo za keratinositi na huonekana zaidi katika tabaka la miiba.

Katika demisi, picha hutawaliwa na glikosaminoglikani nyingine, demata salfeti, ambayo hata jina lake limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya ngozi. Mnyororo huu hubebwa hasa na dekorini, proteoglikani ndogo yenye mnyororo mmoja. Dekorini hujishikiza kwenye nyuzi nyembamba za kolajeni kwa vipindi vinavyolingana, na minyororo yake huzipanga nyuzi hizo kwa umbali unaofaa. Mwaka 1997, panya waliotengenezwa bila dekorini walionekana kuwa na ngozi dhaifu inayochanika upesi, na nyuzi zao za kolajeni zilikuwa na unene usio sawa. Kwa binadamu, ushahidi unatokana na aina adimu za ugonjwa wa Ehlers-Danlos. Katika aina moja, kimeng'enya kinachoweka galaktosi ya kwanza kwenye kiungo cha mnyororo na protini huwa na kasoro. Katika nyingine, kasoro imo kwenye kimeng'enya kinachoongeza salfeti kwenye demata. Protini zote huwapo, kolajeni huwapo, lakini ngozi hunyumbuka kupita kiasi au huchanika upesi. Kosa la sukari moja, au la salfeti inayopachikwa juu yake, latosha kuulegeza ufumaji mzima.

Kolajeni yenyewe haikosi sukari. Kabla haijatoka kwenye seli iliyoitengeneza, baadhi ya asidi zake za amino hupachikwa galaktosi moja, au galaktosi iliyofuatwa na glukosi. Versikani, proteoglikani kubwa, hukaa karibu na nyuzi nyumbufu na hushikamana na hialuronani. Hialuronani ya demisi nayo haikusambaa kwa usawa: ni nyingi zaidi katika demisi ya vichuguu, na kuzunguka mishipa ya damu na vifuko vya nywele, kuliko katika demisi ya wavu. Yaani hujazana pale ambapo maji, seli na virutubishi hupita kwa wingi, na hupungua pale ambapo kazi kuu ni kuhimili mvuto.

5.0 Vifuko vya Nywele, Tezi, Mishipa na Seli za Kinga

Viungo vidogo vya ngozi vina ramani zao ndani ya ramani kubwa. Ala ya nje ya mzizi wa unywele ina seli zilizojaa glikojeni, kiasi kwamba huonekana nyeupe katika vipande vilivyotiwa rangi za kawaida. Utando mnene unaoizunguka ala hiyo hushika rangi ya Schiff. Kichuguu kilicho chini ya unywele hujaa glikosaminoglikani wakati unywele unakua, na hupungukiwa nazo unywele unapopumzika. Hapa mtawanyiko unategemea wakati pia: vifuko viwili vilivyo jirani, kwenye kipande kimoja cha ngozi yenye afya, vyaweza kuonyesha picha tofauti kwa sababu kimoja kinakua na kingine kimepumzika.

Katika tezi za jasho, seli angavu huweka akiba ya glikojeni, na tezi hizo pia hubeba sukari za makundi ya damu ya A, B na H. Kwenye kuta za ndani za mishipa ya damu, lektini ya Ulex europaeus hushika rangi bila kujali kundi la damu la mtu, na kwa hiyo imetumika kwa miaka mingi kama alama ya mishipa hiyo. Fukosi iliyoonekana kwenye keratinositi iliyopevuka inaonekana tena hapa, katika seli ya aina nyingine kabisa. Mtafiti anayeponda kipande chote cha ngozi na kupima jumla ya fukosi hawezi kujua ametoa ipi wapi.

Seli za kinga hutumia sukari kama anwani. Seli T zinazozoea kwenda kwenye ngozi hubeba juu ya protini zao tawi lenye asidi ya siali na fukosi. Tawi hilo hushikwa na selektini E iliyo kwenye kuta za mishipa midogo ya ngozi, na seli hupunguza mwendo, husimama na kupenya. Ndani ya epidemisi, seli zilizoelezwa na Paul Langerhans mwaka 1868 zina langerini, lektini ya binadamu inayoshika manosi na fukosi zilizo juu ya vijidudu, vikiwemo virusi vya UKIMWI. Katika demisi, seli masti, ambazo Paul Ehrlich alizieleza mwaka 1878, hubeba chembechembe za heparini, glikosaminoglikani yenye salfeti nyingi kuliko zote. Ndiyo inayozifanya chembechembe hizo zigeuze rangi ya buluu ya toluidini kuwa ya zambarau. Hatimaye, melanositi hutegemea sukari ili kutengeneza rangi ya ngozi. Tirosinasi, kimeng'enya kinachoanzisha utengenezaji wa melanini, ni glikoprotini. Isipopata matawi yake ipasavyo, haikunjiki vizuri na huzuiwa ndani ya seli kabla ya kufika mahali pa kazi.

6.0 Sukari Inayojibandika Yenyewe

Sukari zote zilizojadiliwa hadi hapa huwekwa na vimeng'enya, mahali maalumu na kwa wakati maalumu. Ngozi yenye afya ina pia sukari iliyobandikwa bila kimeng'enya. Glukosi huru hufika kwenye majimaji ya demisi kutoka kwenye damu, kwa kiwango kinachokaribia kile cha damu, na huweza kujishikiza yenyewe kwenye protini. Ni jamii ya mmenyuko ulioelezwa na Louis-Camille Maillard mwaka 1912, uleule unaoupa mkate uliookwa ganda la kahawia. Baada ya muda, mabaki yake huunda viungo vigumu kati ya nyuzi za kolajeni, mfano wake ukiwa pentosidini.

Protini inayobadilishwa upesi haipati muda wa kukusanya mabaki hayo. Kolajeni ya ngozi, ambayo nusu ya maisha yake imekadiriwa kuwa takriban miaka 15, inapata muda huo. Kwa hiyo, mabaki haya huongezeka katika demisi ya kila mtu kadiri umri unavyosonga, hata asiye na kisukari. Kisukari huharakisha tu jambo ambalo tayari linatokea. Tofauti na matawi yaliyowekwa na vimeng'enya, mabaki haya hayaelezi kazi ya tabaka. Yanaeleza umri wa protini na wingi wa glukosi iliyopita karibu nayo. Mtafiti akiyaita yote "sukari ya ngozi" bila kubainisha, atakuwa amechanganya mpango wa fundi na kutu iliyoingia baadaye.

7.0 Mipaka ya Ramani Iliyopo

Vikwazo vitatu vinastahili kuzingatiwa na yeyote atakayeitumia ramani hii kama kipimo.

Kwanza, ngozi haifanani mwili mzima. Vipande vingi vya ngozi yenye afya vinavyochunguzwa hutokana na mabaki ya upasuaji wa matiti na tumbo. Kiganja na wayo, ambavyo tabaka lake la pembe ni nene mara nyingi zaidi na havina nywele, havipaswi kuhukumiwa kwa ramani ya tumbo.

Pili, mnyama hawezi kusimama mahali pa binadamu bila tahadhari. Mamalia wengi hubeba tawi linaloishia na galaktosi mbili za aina ya alfa, na pia aina ya pili ya asidi ya siali. Binadamu hatengenezi hata moja kati ya hizo, kwa kuwa jeni za vimeng'enya husika zilikwisha kuharibika katika ukoo wake. Damu ya binadamu huwa na kingamwili dhidi ya tawi hilo la galaktosi. Ndiyo mojawapo ya sababu zinazofanya ngozi ya nguruwe inayofunikwa juu ya kidonda cha moto iwe ya muda tu. Lektini inayotia rangi tabaka la msingi la panya kwa kulishika tawi hilo, katika ngozi ya binadamu haina cha kushika isipokuwa kwa mtu mwenye sukari ya kundi la damu B.

Tatu, rangi ya ngozi huathiri kipimo. Vipo vifaa vinavyopima mabaki ya mmenyuko wa Maillard kwa kumulika ngozi na kusoma mwanga unaorudi. Melanini hufyonza mwanga unaoingia na unaotoka, hivyo katika ngozi nyeusi sana mwanga unaorudi huwa hafifu na usomaji huwa haaminiki. Kwa Afrika Mashariki, ambako watu wengi wana ngozi ya namna hiyo na ambako kisukari ni tatizo la afya ya jamii, kikwazo hiki si cha pembeni. Thamani ya kawaida iliyopatikana kwenye ngozi nyeupe haiwezi kuhamishwa na kuwa kipimo cha afya ya mgonjwa wa Mwanza au Mombasa. Ikihamishwa, kosa la kifaa litasomwa kama hali ya mgonjwa.

8.0 Hitimisho

Sukari katika ngozi ya binadamu yenye afya imepangwa kwa tabaka, kwa aina ya seli na kwa wakati. Katika demisi, minyororo ya demata huwekwa ili kuzipanga nyuzi za kolajeni. Katika tabaka la msingi, jozi ya galaktosi imefichwa chini ya asidi ya siali hadi seli ianze kupanda. Kwenye mpaka wa tabaka la pembe, glukosi huondolewa ili mafuta yajenge ukuta. Kando ya michakato hiyo mitatu, mabaki yasiyo na fundi hujilimbikiza kimyakimya pamoja na umri.

Kutokana na hayo, taarifa inayosema tu kwamba sukari fulani "ipo" au "haipo" katika ngozi haijakamilika. Inapaswa kueleza ipo katika tabaka lipi na juu ya molekuli ipi, imeonekana kwa mbinu gani, kama kifuniko chake kiliondolewa kabla ya kutazamwa, na ngozi iliyochunguzwa ilitoka sehemu gani ya mwili na kwa watu gani. Maswali hayo yakijibiwa, ramani ya afya itaweza kufanya kazi inayotarajiwa kwayo, yaani kumsaidia daktari kutofautisha ugonjwa na kile ambacho ngozi hukifanya siku zote.